Sindano ya Jumatano, Kisu cha Jumatatu

Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo pale Magunga, mlango wa kijani, duka la tatu ukitoka sokoni. Kwetu ni Malindi. Mume wangu Yakub alinileta huku akiniahidi kwamba tutakaa miaka miwili, na huu ni wa kumi na tisa. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani najifanya mwenyeji. Mengi ya huku nimeyajua kwa kuuliza, mengine kwa kuteleza, na siku niliyoteleza vibaya kuliko zote aliyeumia ni Phelesia.

Phelesia ni mjane wa mzee Onyango, mwanamke wa miaka sitini na miwili, mrefu, mkavu, mwenye sauti inayofika kanisani kabla yake. Alizaliwa Gwassi, upande wa milimani, akaolewa hapa akiwa msichana, akazaa watoto sita na kuzika wanne. Waliobaki ni Maurice na Bonface, wanaume wazima wenye wake zao, kila mmoja na nyumba yake ndani ya boma la mama. Shamba lao linaishia karibu na ua wa mbuga ya Ruma, kwa hiyo maisha yake yote amelima huku akigombana na nguruwe mwitu.

Siku ya kwanza kuingia dukani kwangu alichukua pakiti ya mbegu za mahindi, akaitikisa sikioni, akataka niifungue. Nikamwambia pakiti haifunguliwi kabla ya kununuliwa. Akainunua, akaifungua pale pale kwenye kaunta, akazitazama zile punje zilizopakwa dawa nyekundu.

“Yawa! Hii mahindi imepakwa rangi ya mdomo,” akasema. “Inaenda harusi ya nani?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kutaniana, ingawa kwa umri angeweza kunizaa. Yeye huniita nyathina, yaani mwanangu, na mimi humwita Mama.

Sukari ilimpata miaka kumi na minne iliyopita. Alianza na vidonge, akaishia kujidunga insulini mwenyewe kila asubuhi kabla ya kufungua kuku. Chai alikunywa bila sukari kwa uaminifu mkubwa, kisha akala viazi vitamu vitatu akisema hivyo ni chakula, havihesabiwi. Nilimgombeza, akanigombeza na yeye kwa unene wangu, na tukaendelea hivyo.

Jicho lake la kushoto lilipofuka miaka miwili iliyopita, wiki chache baada ya mzee Onyango kufariki. Magunga nzima ilijua sababu: Phelesia alimlilia mumewe mpaka jicho likafa. Hata mimi niliamini, na yeye aliamini kuliko sote. Tangu hapo hakulia tena. Nilikuwepo kwenye mazishi ya dada yake, akaketi pale kavu kabisa, uso ameuinua juu, na wanawake wakanong'ona kwamba sukari imemla mpaka moyo. Nilipomuuliza baadaye alinijibu bila haya.

“Jicho moja ilienda na mzee,” alisema. “Hii ingine ni yangu.”

Sasa mwaka huu, mwezi wa pili, hilo lingine likaanza. Kwanza aliona nyuzi nyeusi zikiogelea, akadhani ni utando wa buibui, akawa anafagia hewa kwa mkono. Halafu asubuhi moja akaamka na kukuta nyumba yote imejaa moshi mwekundu ambao hakuna mwingine aliyeuona. Alipokuja dukani alikuwa anapapasa ukuta. Niliogopa sana, nasema kweli. Nilimwachia Yakub duka nikaenda naye Homa Bay siku hiyo hiyo.

Daktari wa macho, Nyakundi, mtu mpole wa sauti ya chini, alimwangalia kwa taa kwa muda mrefu. Akatuambia sukari imeharibu mishipa midogo ya damu ya retina, ile ngozi laini ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mishipa mingine mipya imeota, lakini ni dhaifu na inavuja, na juu yake kumejengeka utando. Dawa ya matone haiwezi kitu hapo. Inatakiwa upasuaji, na mpasuaji mwenye mashine ya kazi hiyo huja kutoka Nairobi wiki moja tu kila mwezi. Kabla ya upasuaji kuna sindano ya kudungwa ndani ya jicho. Muuguzi wake, Lynnet, akaandika kwenye kitabu cha hospitali cha Phelesia tarehe za mwezi wa tatu: sindano Jumatano, upasuaji Jumatatu inayofuata.

Jumatano hiyo alipelekwa na Maurice, maana mimi nilikuwa napokea mzigo wa mbolea. Waliporudi, Phelesia alituambia kwamba sindano ya jicho inatisha kwa kuisikia tu, kuidungwa si kitu. Maurice yeye alikuwa anazungusha kofia yake mikononi. Kumbe katika yote aliyoambiwa hospitalini alibakiwa na jambo moja kichwani: baada ya kisu, mama atalala kifudifudi siku saba, na hatashika jembe wala kuinama wiki sita.

Ijumaa, yapata saa nne asubuhi, Phelesia aliingia dukani peke yake. Hakugusa ukuta. Alisimama katikati ya mlango akatabasamu.

“Naona hiyo kovu ya mkono yako,” akasema. “Ile ya pasi. Sindano imefanya kazi, nyathina. Nimeambia Maurice apigie hospitali simu. Kisu itangoja mwezi ujao.”

“Itangoja nini, Mama?”

“Mvua. Angalia hiyo mawingu ya Gwassi.”

Akaweka mfuko wake wa plastiki juu ya kaunta na kunieleza, taratibu, jambo ambalo katika miaka kumi na tisa ya kuuza mbegu sikuwa nimelielewa. Mwanzo wa msimu, katika boma, hakuna mkono unaotia mbegu ardhini kabla ya mkono wa mama. Wanaita golo kodhi, kutoa mbegu. Mama akishaanza, anafuata mwana mkubwa, kisha mdogo. Mwana akimtangulia mama, chira inaingia bomani, na chira si homa ya kumeza vidonge. Watoto wanakonda, ng'ombe wanatupa mimba, watu wanaisha mmoja mmoja. Kama yeye atakuwa amelala kifudifudi Homa Bay mvua ikishuka, Maurice na Bonface watakaa na jembe mkononi wakitazama majirani wakipanda. Wajukuu wake ni tisa.

Hapo ndipo nilipoteleza. Sikumwacha hata amalize.

“Mila gani hiyo ya kumpofusha mtu?” nikafoka. “Waambie wapande! Mahindi yanajua nani mkubwa na nani mdogo? Umebakiwa na jicho moja, Mama, moja, halafu unataka kuliweka rehani kwa ajili ya foleni ya kupanda!”

Phelesia alijifunga leso vizuri kiunoni.

“Wewe unauza mbegu tu,” akasema. “Hujawahi kuuliza tunaenda kufanya nini nayo.”

Akatoka. Yakub, aliyekuwa anapanga mawe ya chumvi ya ng'ombe, aliniambia bila kuinua uso kwamba nimemtukana mtu mzima mbele ya wateja wawili. Nilijua. Nilijisikia mdogo kama punje. Nilipogeuka nikaona ule mfuko wa plastiki bado uko kwenye kaunta, na ndani yake kile kitabu cha hospitali.

Nilikifungua kutafuta namba ya simu ya kliniki, nakiri, lakini macho hayana adabu na nikaanza kusoma. Kurasa za mwanzo zilikuwa za jicho la kushoto, za miaka miwili iliyopita. Tarehe sita Juni, sindano, ambayo hakuwahi kunitajia. Tarehe kumi na moja Juni, upasuaji, na mbele yake neno moja: hakufika. Kisha tarehe ishirini na mbili Julai, retina imeng'oka, haiwezi kurudishwa.

Mzee Onyango alifariki tarehe saba Juni. Naikumbuka kwa sababu tulifunga duka siku ya maziko. Mjane hawezi kutoka bomani matanga yakiendelea, hilo nilikuwa nimelijua siku nyingi. Nilikaa juu ya gunia la mbolea na kusoma zile tarehe tena na tena.

Nikampigia Lynnet. Nilimwuliza swali la muuza dawa, maana dawa zote ninazouza zina siku zake. Dawa ya kupe ina siku za kungoja kabla ya kukamua maziwa, na hata mbolea ukiitia kabla ya wakati unarutubisha magugu. Sindano hii siku zake ni ngapi?

“Siku chache tu, Mama,” Lynnet alisema. “Kwa kesi ya Mama Phelesia hiyo sindano ni ya kutayarisha. Inakausha ile mishipa mbaya, ndiyo daktari akiingia asikute damu inamwagika kila mahali. Hiyo ndiyo uzuri yake. Lakini hiyo mishipa na utando ikizidi kukauka inajikunja, na imeshika retina. Umewahi ona ngozi ya mbuzi imewambwa kwa jua? Inavuta vijiti mpaka vinang'oka. Sasa kijiti ni retina. Tukikata Jumatatu, tunapata damu imetulia na utando haujavuta sana. Tukingoja mwezi, inaweza kuwa imeng'oka.”

“Lakini anasema anaona vizuri.”

“Ndiyo hapo wengi wanadanganyika. Damu imeshuka chini kidogo, anaona, anafikiria amepona. Sijafurahi na simu ya Maurice, na nafasi yake sijampa mtu. Mlete.”

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Phelesia. Alikuwa ameketi mlangoni anapukuchua njugu, na Maurice anatengeneza mpini wa jembe kando yake. Nikapiga magoti. Kwetu mtoto akimkosea mama hazungumzi akiwa wima, na sikujua huku wanafanyaje, nikafanya ya kwetu.

“Nimekuja kuomba radhi, Mama. Nilikukosea heshima, wewe na boma lako.”

“Inuka, utachafua buibui,” akasema. Nikajua nimesamehewa nusu.

Nikawasomea kitabu. Sikuongeza neno langu. Nilisoma tarehe ya sindano, tarehe ya kisu ambacho hakikufanyika, tarehe ya jicho kung'oka ndani. Kisha nikawaeleza aliyoniambia Lynnet, pamoja na ile ngozi ya mbuzi. Maurice aliacha kuchonga mpini.

“Ngoja,” Phelesia akasema. “Soma tena ile ya Julai.”

Nikasoma tena.

“Kwa hivyo si machozi.”

“Si machozi, Mama. Machozi hayajawahi kupofusha mtu. Ni siku zilipita.”

Alibaki na njugu mkononi. Halafu huyu mwanamke ambaye kwa miaka miwili alizika ndugu na marafiki bila kutoa chozi akaanza kumlilia mumewe pale mlangoni, kwa sauti, akimwita kwa majina yake yote. Wakwe zake wakatoka jikoni mbio. Bonface akaja kutoka zizini. Maurice aliwazuia kwa mkono, akasema muacheni, na mimi nikalia naye kwa sababu sikuweza kufanya kingine.

Alipomaliza alijifuta kwa leso na kupenga kamasi kama mtu aliyemaliza kazi ya kutwa.

“Sawa,” akasema. “Jumatatu niko tayari. Lakini mbegu?”

Safari hii nilifunga mdomo wangu. Aliyesema ni Maurice.

“Mama, nani alisema lazima mvua iwe imenyesha?”

Phelesia alimgeuzia lile jicho moja. Nikaona anafikiri, midomo inatembea. Alikumbuka kwa sauti kwamba mama mkwe wake, aliyekuwa mkali wa mila kuliko mzee yeyote wa ukoo, alikuwa akitia mtama kwenye vumbi kabisa wiki kadhaa kabla ya mvua, na hakuna aliyemsema. Kinachoangaliwa ni mkono wa mama utangulie. Mawingu hayamo.

“Lakini tangu sindano hospitali imenikataza kuinama,” akasema.

Nikampigia Lynnet tena, nikaweka simu isikike na wote. Alicheka kwanza, halafu akawa muuguzi. Asiiname kichwa kikawa chini, asinyanyue kitu kizito, asiruhusu vumbi limguse jichoni. Akikaa chini kabisa na kutia mashimo machache polepole, hana neno.

“Kwa vumbi mimi ninayo dawa,” nikasema, na nikamtuma Bonface dukani kwangu akachukue ile miwani mikubwa ya kupulizia sumu ya viwavi.

Basi boma zima tukatoka. Phelesia aliketi juu ya gunia kwenye kona ya shamba lake, miguu ameinyoosha, miwani ya plastiki imemfunika nusu ya uso, kijembe cha kupalilia mkononi. Anachimba, anatia punje mbili, anafunika kwa kiganja, anajisukuma kwa makalio mpaka shimo linalofuata. Wajukuu walikufa kwa kicheko. Jirani aliyekuwa anapita na ng'ombe alisimama akauliza kama mama amepanda pikipiki gani.

“Pita na ng'ombe yako!” Phelesia alimjibu. “Mimi niko kazini.”

Alitia mashimo kumi na mawili. La mwisho alilifunika, akaupiga udongo mara mbili, kisha akauelekeza mkono kwa Maurice amsaidie kusimama.

“Sasa nimetoa,” akasema. “Mvua ikija, wewe, halafu Bonface. Msiningoje.”

Jumatatu aliingia chumba cha upasuaji saa mbili na nusu. Mimi na Maurice tulikaa nje kwenye benchi, na sikumbuki tulizungumza nini. Ilipofika saa tano daktari Nyakundi, aliyekuwa akimsaidia mpasuaji wa Nairobi, alitoka akiwa bado na kofia ya kijani kichwani. Alisema mishipa ilikuwa imekauka kama walivyotaka, damu ilitoka kidogo tu, na utando wameuondoa wote. Ameachiwa hewa maalum ndani ya jicho ya kuibana retina mahali pake, kwa hiyo kwa siku nyingi ataona ukungu mtupu. Kama ataona vizuri baada ya hapo, alisema, tusubiri.

Kusubiri huko ndiko kulikotuchosha. Alikaa kwa rafiki yake wa kanisani, karibu na hospitali, kifudifudi mchana kutwa, akinyanyuka kwa ajili ya chakula na choo tu. Jicho la kushoto limekufa, la kulia limejaa ukungu. Kwa muda huo alikuwa kipofu kamili, na alilijua hilo. Nilimtembelea siku ya tano. Alinitambua kwa harufu ya udi.

“Nyathina, na kama haitarudi?”

Nilitaka kumwambia itarudi.

“Sijui, Mama,” nikasema. “Najua tu safari hii siku hazikupita.”

Akanishika kidole kimoja, akakiminya, tukakaa hivyo mpaka chakula kikaja.

Mvua ilishuka siku ya tisa, usiku na mchana. Maurice alipanda kwanza, Bonface akafuata, na walipopiga simu kumwambia Phelesia alitaka kujua nani alishika kamba ya kunyooshea mistari. Wakamwambia kila kitu kiko sawa. Ule ukungu ukaanza kushuka wiki ya tatu, akasema unashuka kama maji kwenye chupa, na juu yake anaona mwanga, kisha dirisha, kisha mtu amesimama dirishani lakini hajui ni nani. Wiki ya sita Lynnet akamketisha mbele ya lile bango la herufi, akamwambia asome. Phelesia hakusoma shule zaidi ya darasa la nne, akazitaja herufi kama mtoto anayeimba, mstari wa juu, wa pili, wa tatu, wa nne. Wa tano akakosa mbili. Lynnet akaandika kitabuni, na niliona kalamu yake inatabasamu kuliko yeye.

Siku hiyo nilimtoa kwa rafiki yake nikamrudisha nyumbani mwenyewe. Boma zima lilikuwa limesimama langoni, wakwe, wajukuu, Bonface na redio yake. Phelesia hakuwasalimia. Alisimama, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua, akatazama shamba la Maurice, ambapo mahindi yalikuwa yamefika magotini.

“Maurice!”

“Mama.”

“Hii ni laini ama ni nyoka? Nani alikufundisha kupanda hivi? Ona hapo kwa kisiki! Ona hapo, mahindi tatu shimo moja, zitakula nini?”

Mtu mzima, baba wa watoto watano, alisimama pale machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

“Onyesha zingine, Mama,” akasema. “Onyesha zenye zimepinda zote.”

Naye akaanza kumwonyesha kwa kidole, mstari baada ya mstari, akigomba, mpaka ule wa mwisho kabisa, kule mbali kwenye ua wa mbuga.